Usonji: vidonge havimfundishi mtoto kusema
Mtoto mwenye usonji anayechelewa kusema mkoani Singida anastahili mtaalamu wa tiba ya usemi karibu na kwao, wala asipewe dawa badala ya huduma hiyo.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kumpa mtoto lugha. Risperidone, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji, hupunguza hasira kali na kujiumiza. Inaweza pia kuleta usingizi na kuongeza uzito. Dawa nyingine, leucovorin, ilivuma Septemba 2025 baada ya tangazo la serikali ya nchi hiyo, lakini ushahidi wake bado ni wa majaribio ya watoto wachache. Mzazi wa Iramba asiuze kuku wake kuifuata dukani.

Lugha hukua kwa mchezo, picha, ishara, na mzazi aliyeelekezwa kumsubiri mtoto ajibu. Kazi hiyo yataka kuanzwa mapema. Kumwambia mama “atasema tu” ni kumpotezea mtoto miaka.

Wenye dhamana ya afya na elimu watenge fedha katika bajeti ijayo, waajiri wataalamu wa tiba ya usemi, na wawafundishe wahudumu wa kliniki za watoto, kuanzia Mkalama hadi Itigi, kuutambua usonji mapema.