UCHANGANUZI: Kelele za mitandao zilivyofunika swali kuu la chanjo Kilifi

MNAMO Aprili 2020, serikali ilipokuwa imepiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka kaunti za Kilifi, Mombasa na Kwale ili kudhibiti virusi vya corona, moto mwingine uliwaka mitandaoni.

Madaktari wawili wa Ufaransa walikuwa wamezungumzia kwenye runinga wazo la kuijaribu chanjo ya BCG barani Afrika dhidi ya ugonjwa huo. Wanasoka Didier Drogba na Samuel Eto'o walikemea vikali, na mwezi huo huo ilipodokezwa kuwa chanjo ya Chuo Kikuu cha Oxford huenda ikajaribiwa Kenya, ghadhabu ikageukia huku.

Ghadhabu hiyo haikukosa msingi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na ukoloni uliacha majeraha mengi.

Hata hivyo, mpangilio wa matukio wapasa kuzingatiwa. Chanjo ya Oxford ilidungwa watu kwanza nchini Uingereza, Aprili 23, 2020. Brazil na Afrika Kusini zikafuata. Kilifi ilijiunga Oktoba, ikianza na wahudumu wa afya 40, wakati maelfu ng'ambo walikuwa wamekwisha kudungwa.

Isitoshe, kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kimekuwa Kilifi tangu 1989, na wakazi wana wawakilishi waliowachagua wenyewe kujadiliana na watafiti.

Kituo hicho hicho ndicho kilichopima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kote nchini kati ya Aprili na Juni 2020, kikakadiria kuwa takriban asilimia 4 walikuwa na kingamwili za corona. Maana yake, virusi vilikuwa vimeenea kupita mbali hesabu rasmi ya wagonjwa. Habari hiyo iliwahusu moja kwa moja mvuvi wa Malindi na mchuuzi wa Mtwapa.

Swali lililostahili kelele lilikuja baadaye. Machi 3, 2021 Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca. Kabla ya mwezi kwisha, India, iliyozitengeneza, ilibana mauzo ya nje, na Wakenya waliodungwa mara ya kwanza wakangoja dozi ya pili kwa wasiwasi.

Janga jingine likizuka, mwananchi wa Pwani ana haki ya kuuliza ni kwa nini ajaribiwe. Lakini na aulize pia, kwa sauti hiyo hiyo: jaribio likifaulu, chanjo itanifikia lini, na ni nani aliyeahidi kwa maandishi?