Mavuno, Mauti na Mbegu

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, miezi ya Septemba hadi Novemba ni majira ya kupukutika kwa majani. Nafaka imekwisha kuingizwa ghalani, mashamba yamebaki matupu, na usiku unazidi kuwa mrefu. Si ajabu kwamba katika majira hayo mataifa mengi huwakumbuka wafu wao. Huko Ireland, sikukuu ya kale ya Samhain, mwanzoni mwa Novemba, ilifunga mavuno. Na watu waliamini kuwa usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu ulilegea. Huko Meksiko, katika siku mbili za kwanza za Novemba, mahindi yanapokuwa yamekomaa, jamaa huwaandalia marehemu wao vyakula na maua ya manjano.

Misri ya kale ilikwenda mbali zaidi. Osiris, mungu wa wafu, alikuwa pia mungu wa nafaka. Maji ya mto Nile yalipopungua na wakati wa kupanda ulipowadia, makuhani walifinyanga sanamu yake kwa udongo na shayiri, wakaimwagilia maji mpaka ikachipua. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kilikutwa kitanda chenye umbo la Osiris, na shayiri yake ilikuwa imeota.

Wapo wasomi wanaoyaita mambo haya ushirikina mtupu. Mimi sikubaliani nao. Mila hizo zimejengwa juu ya jambo lililoonwa kwa macho: punje kavu, isiyo na dalili yoyote ya uhai, huzikwa ardhini na kutoa mmea mpya. Mkulima wa kale alitazama vizuri, akapata humo faraja juu ya mauti. Hatuna sababu ya kumcheka.

Hata hivyo, faraja isigeuzwe kuwa ushahidi. Katika karne ya 19 zilienea Ulaya habari kwamba ngano iliyotolewa katika makaburi ya Misri ilipandwa ikaota. Wengi walisadiki kwa kuwa habari hizo zilipendeza. Wataalamu walipoijaribu ngano iliyothibitika kuwa ya makaburini, haikuota, maana kiinitete chake, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya punje, kilikuwa kimeharibika. Kinyume chake, kokwa ya tende iliyofukuliwa katika ngome ya Masada, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ilipandwa mwaka 2005 ikaota. Umri wake ulithibitishwa kwa kupima kaboni katika vipande vya ganda lake. Hapo tunaamini kwa sababu pana kipimo.

Kwetu jambo hili si la makaburini tu. Mbegu ya mahindi iliyohifadhiwa penye joto na unyevu hufa kweli, wala mvua haiifufui. Na anayeipanda hupoteza msimu mzima. Basi, walimu, waambieni wanafunzi wenu wachukue punje 100 za akiba ya nyumbani, wazifunge katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba wazihesabu zilizoota. Wakishapata jibu, wasimulieni habari za Osiris. Wataielewa vizuri zaidi imani ya wazee wa Misri, na wazazi wao watajua kama mbegu waliyo nayo inafaa kupandwa.