Kufuta taa siyo kutengeneza gari

Najua nimepotea wiki mbili hivi, test zilibana na mvua za huku Uluguru nazo zimeamua kutuonyesha kazi. Leo nimerudi, ila nimerudi na hasira kidogo, mnivumilie.

Jumamosi pale vimbwetani palizuka ubishi. Jamaa mmoja wa rumu ya jirani kapokea bumu, na badala ya kununua unga kanunua kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye gari. Anatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni fundi, atapima magari ya watu kwa hela ya chipsi. Kaka mmoja wa mwaka wa nne akamcheka: eti bila mashine ya mamilioni hakuna kupima gari, wengine kaeni pembeni muwaachie mafundi. Watu wakagawanyika kama Simba na Yanga.

Mimi nasema wote wawili wamepotea. Nina sababu.

Sababu yangu ni mjomba. Wasiojua mila zetu Waluguru: kwetu ukoo unakwenda kwa mama, na mjomba siyo mtu wa kukupa pipi wakati wa sikukuu tu. Ada yangu inatoka kwenye Probox yake, inayoshusha karoti, kabeji na njegere kutoka Mgeta kuja mjini. Gari hilo likilala, na mimi nimelala.

Mwaka jana taa ya njano ya injini iliwaka. Mjomba akaenda gereji (sitaji jina), fundi akachomeka mashine, akabonyeza, taa ikazima. "Tayari mzee." Hela ikalipwa. Baada ya siku nne taa ikarudi. Akarudi kwa fundi, ikafutwa tena, hela tena. Mara ya tatu vilevile. Hakuna aliyemwambia mashine iliandika nini!

Safari iliyofuata alikuwa anashuka kutoka Langali na mzigo nyuma. Kwenye kona akaachia mafuta, gari likazima. Mnajua kinachotokea injini ikizima mteremkoni? Usukani unakuwa mzito kama wa trekta bovu, na breki inakubali mara moja au mbili halafu inakuwa ngumu kama jiwe, maana kile kinachoisaidia kinategemea injini inayonguruma. Alilibana gari kwenye ukingo wa juu, upande wa mlima. Upande wa pili kulikuwa na bonde. Nilipompigia akasema tu, "Mjomba, Mungu yupo." Sikulala siku ile.

Sasa turudi darasani. Kwa nini taa ilizima halafu ikarudi? Kwa sababu kwa makosa mengi ya aina hii kompyuta ya gari haiwashi taa mara moja. Inataka ione kosa kwenye safari moja, ilione tena kwenye safari nyingine, ndipo iwashe. Ukifuta, unafuta kumbukumbu tu. Ugonjwa uko palepale, gari linaanza kuhesabu upya. Ni sawa na mtu ana malaria wewe unavunja kipimajoto. Halafu unamdai hela!

Kwa hiyo wewe jirani yangu mwenye kidude, swali la kwanza siyo "kinafuta?" Vyote vinafuta. Uliza haya:

1. Kinaongea lugha ya gari lako? Hapa ndipo wengi tunapigwa. Marekani iliyalazimisha magari yake kufuata mfumo mmoja wa kupimwa, wenye soketi ya pini 16, kuanzia matoleo ya 1996. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001. Lakini magari yetu mengi yaliuzwa kwanza Japani kwa Wajapani, na sheria za Marekani na Ulaya hazikuwahusu. Unaweza kukuta soketi ya pini 16 chini ya usukani, ukachomeka, kifaa kikakaa kimya kama bubu. Usitoe hela kabla hakijasoma gari LAKO. Siyo gari la muuzaji, siyo picha ya kwenye boksi.

2. Ndani yake kuna nini? Vidude vingi vya Bluetooth vinajiita ELM327. Hiyo ilikuwa chipu ya kampuni ya Kanada, Elm Electronics, iliyoanza kuuzwa 2005. Kampuni yenyewe ilifunga 2022. Vinavyouzwa kwa bei ya karanga ni nakala. Vingi vimeandikwa "v1.5", toleo ambalo wenyewe hawakuwahi kulitoa! Sisemi kila nakala ni mbovu, nimeona zinazofanya kazi vizuri. Lakini baadhi zimekatwa lugha za zamani, zile zile ambazo magari ya umri wa Probox ya mjomba yanaongea.

3. Kinaonyesha namba zinazocheza wakati injini inanguruma? Kodi peke yake ni jina la mtaa, haikuonyeshi nyumba. Gari la mjomba lilikuwa na P0171, maana yake hewa imezidi mafuta. Ukikurupuka unanunua sensa ya oksijeni, unaunguza hela, taa inarudi. Tulipoazima kifaa kinachoonyesha namba tukaona hivi: gari likiwa silensa, kompyuta inaongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka karibu na 5. Hiyo ni lugha kabisa! Shida ikizidi kwenye silensa na kupungua ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Ingekuwa kinyume, inazidi ukikanyaga, ungeangalia pampu ya mafuta, filta, au sensa ya hewa kama imechafuka.

Tukafuata paipu moja moja. Kapaipu kembamba ka mpira nyuma ya injini kamepasuka, ufa wa kucha ya kidole kidogo. Bei yake haifiki nauli ya Dar kwenda na kurudi. Mjomba alikuwa ameshalipa mara tatu kufuta taa.

4. Nani atakitumia? Mjomba ana kitochi. Kidude cha Bluetooth kwake ni pambo. Yeye anahitaji chenye waya na kioo chake mwenyewe, anachomeka, anasoma, ananipigia ananitajia. Pia kiwe kinaonyesha hali ya gari ilivyokuwa dakika kosa linatokea, ile ambayo kompyuta ya gari imeitunza: spidi, joto la maji, mizunguko. Mlimani hiyo ni dhahabu, kwa sababu ukifika mjini gari limeshapoa na linajifanya zima.

Na wale wenye Corona na Carina za zamani msilie. Nyingi zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa Diagnostic. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kawaya kafupi, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu taa inavyopepesa. Mara 2 kisha mara 5 ni kodi 25, ugonjwa uleule wa mjomba. Gharama: kawaya. Ila soma majina ya matundu mara mbili, ukikosea tundu usinitafute.

Sasa wewe kaka wa mwaka wa nne. Nakupa haki yako: taa ya ABS, ya airbag, kuandikisha funguo mpya, hapo kifaa cha nyumbani mara nyingi kinanyoosha mikono, na mashine kubwa ya gereji ndiyo yenyewe. Lakini kumwambia mwenye gari moja la kuchumia ugali kwamba hana haki ya kusoma gari lake mpaka awe na mamilioni, hiyo siyo taaluma, ni kufunga mlango. Mashine ya fundi wa mjomba ilikuwa kubwa. Ilisaidia nini?

Sisemi mafundi wote ni matapeli. Wapo wanaokuonyesha kioo, wanakuandikia kodi kwenye karatasi, wanakueleza. Hao walipeni bila kuombwa punguzo. Asiyetaka kukutajia kodi, ondoa gari lako pale.

Msimamo wangu basi: nunua kifaa cha kati kinachosoma gari lako na kuonyesha namba, chenji inayobaki nunua mita ya umeme. Na usifute kitu chochote kabla hujakiandika kwenye daftari. Jirani, kidude chako nitakijaribu kwenye Probox mjomba akishuka Jumapili. Kikisoma, nakununulia chipsi mayai mbele ya watu wote. Kikikaa kimya, unga unanunua wewe mwezi mzima.

Naomba kutoa hoja.