Tumlinde, lakini tumuulize

Kila Idi inapokaribia huwa tunakwenda na watoto dukani ili wachague nguo. Binti anachagua rangi ya baibui lake, mdogo wake anakataa kanzu inayombana. Kaka yao mwenye ulemavu wa akili, ambaye pengine ametimiza miaka 30, anabaki nyumbani na kuletewa. Akiikataa tunasema leo ana ukaidi, kisha tunamvisha kwa nguvu.

Tunaandika haya tukijua kwamba na sisi tumo. Wako miongoni mwetu waliomfungia chumbani wageni walipobisha hodi, na wako waliomtilia dawa ya usingizi kwenye chai ili nyumba itulie.

Jibu letu huwa ni moja: tunamlinda. Kumlinda ni wajibu, hatubishi. Akikimbilia barabarani na bodaboda zinapita, mshike mkono mara moja. Lakini hatari hiyo ni ya dakika moja tu, nasi tumeifanya kuwa ruhusa ya kumwamulia maisha yake yote.

Hata aya ya 5 ya Suratun-Nisaa, ambayo wengi huitegemea katika kumzuilia mali asiyeweza kuisimamia, inaamrisha pia alishwe, avishwe na kuambiwa maneno mema. Anayetunziwa fedha hajakabidhi mwili wake. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao hapa kwetu Uganda uliridhiwa mwaka 2008, unakwenda mbali zaidi. Kifungu cha 12 kinamtambua kuwa sawa na wengine mbele ya sheria, na kinazitaka serikali zimpatie msaada wa kuitumia haki hiyo. Kifungu cha 19 kinampa nafasi ya kuchagua akae wapi na akae na nani.

Wapo watakaosema: huyu hata kuzungumza hawezi, atachagua vipi? Jamani, mama anayemwogesha kila siku anajua anapogeuza uso, anaposukuma sahani, na jinsi anavyochangamka akimwona shangazi fulani na kunywea akija mwingine. Hayo ndiyo maneno yake. Mwonyeshe kanzu mbili, usimharakishe, ngoja. Huenda ukangoja sana, na mkono wake ukaenda kwenye ile usiyoipenda wewe. Mnunulie hiyo.