Picha nayo ina mgongo: andikeni majina wazee wakiwapo

Swali linalorudi mara kwa mara kwenye safu hii ni la picha. Kijana amehamishia picha za simu tatu na kamera moja kwenye kompyuta ya nyumbani, zimefika maelfu, nyengine zimejirudia mara nne, na sasa anauliza aweke programu gani ya kuzipanga na kuzitengeneza. Jibu nitalitoa, lakini kwanza na mimi nina swali: hao waliomo kwenye picha, nani anawajua?

Zamani picha ilikuwa na mgongo. Mtu akienda Unguja akapita studio za Mji Mkongwe, mfano Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, alirudi na picha ya karatasi, na nyuma yake mtu aliandika kwa kalamu ni nani, wapi, mwaka gani. Iwe kwa herufi za Kiarabu au za Kirumi, ilimradi inasomeka. Picha ya kompyuta nayo ina mgongo wake, ila hauonekani kwa macho. Ndani ya faili mna nafasi ya maandishi: kamera huandika humo tarehe na saa, na wewe unaweza kuongeza majina, mahali na maelezo. Programu nzuri ni ile inayokuandikia kwenye mgongo huo. Iepukeni ile inayoandika kwenye daftari lake pembeni, maana ikifa huzikwa nalo.

Wengi mnaikumbuka Picasa. Google iliinunua mwaka 2004, ikatolewa bure, na ilikuwa nyepesi hata kwa kompyuta za mitumba. Baadaye ikajifunza kutambua sura, ukawa unaandika jina la mtu mara moja nayo inamtafuta kwenye picha nyengine. Mwezi Machi 2016 Google wakaacha kuihudumia. Hakuna picha iliyofutwa, lakini majina mengi ya sura yalikuwa kwenye vifaili vidogo vilivyofichwa kando ya picha. Aliyehamia kompyuta mpya akabeba picha peke yake alibaki na sura zisizo na wenyewe. Windows Live Photo Gallery ya Microsoft nayo ikafuata njia hiyo hiyo Januari 2017.

Kwa hiyo ninayoipendekeza ni digiKam. Ni bure, ilianza kutengenezwa mwaka 2001, wanaoitunza ni watu wa kujitolea, na inakubali Windows, Mac na Linux. Nisiwadanganye, ni nzito, na kompyuta kongwe itahema. Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio, sehemu inayohusu metadata, uhakikishe umeiamuru iandike majina na maelezo ndani ya faili la picha. Usipolifanya hilo umerudi kule kule kwa Picasa. Itataka pia kushusha mafaili ya ziada ya kutambua sura, na hayo ni makubwa, basi fanya penye intaneti isiyokula vocha yako. Baada ya hapo inafanya kazi bila ya mtandao kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na picha za simu za mwaka huu, hizo zitasubiri. Anza na za zamani, na anza na bibi. Keti naye alasiri, panua picha ijae kioo, muulize mmoja mmoja. "Huyu nani, bibi?" "Huyo si ami yake baba yako, yule aliyekuwa Kojani." Andika hapo hapo, usiseme nitakumbuka. Na andika jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kwa sababu akina Juma Ali kwetu hawahesabiki. Jina la kuitwa nalo liandike, lakini "Mama Saidi" pekee au "Bi Mkubwa" pekee halitamfaa mjukuu wa miaka arobaini ijayo. Bibi akichoka, funga kompyuta. Picha kumi kwa siku zinatosha.

Pemba hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikija huku kutoka Unguja, na wengi waliokuwamo hawakupatikana. Zipo nyumba ambazo picha ndiyo iliyobaki kumtazama mtu wao. Mtoto aliyezaliwa baadaye anaiona sura tu. Jina na nasaba lazima apewe na mtu, au ayakute yameandikwa.

Kutambua sura kunasaidia, lakini kusiaminiwe kama shahidi. Programu humchanganya dada na mdogo wake, na mtu wa miaka sita na yule yule wa miaka sitini huweza kumfanya wawili. Kila inapopendekeza jina, thibitisha wewe. Tarehe nazo zitazameni: kamera iliyoishiwa betri hurudi tarehe ya kiwandani, ndiyo maana unakuta harusi tatu za miaka tofauti zote zimefanyika Januari mosi. digiKam inaweza kusahihisha tarehe za picha nyingi kwa mpigo.

Kuna picha ambazo kina mama huniulizia kwa sauti ya chini, nazo ni za harusi ya ndani, bi harusi na wenziwe wakiwa vichwa wazi. Hizo zisipandishwe mtandaoni. Simu nyingi hupandisha picha zenyewe bila ya kukuuliza kila mara, kwa hiyo zima huduma hiyo, kisha zihamishie kwenye kompyuta na zikae huko, kwenye folda yake. Na kompyuta ikiharibika, folda hiyo itangulie kutoka, iwekwe kwenye diski ya nje, ndipo mashine ipelekwe kwa fundi. Simtuhumu fundi yeyote, lakini dukani kwake huingia watu wengi.

Picha za karatasi za zamani zipitisheni kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi. Kama hakuna skana, simu inafaa: kaa kivulini karibu na dirisha, bila ya mweko. Picha iliyogandana na kioo cha fremu kwa unyevu msiibandue, mtaiacha sura kwenye kioo. Ipigeni hivyo hivyo ilivyo.

Katika kutengeneza, ongeza mwangaza, nyoosha iliyopinda, futa madoa, inatosha. Nakala ya asili usiiguse, hifadhi uliyoitengeneza kwa jina jengine. Huu mtindo wa kumng'arisha marehemu bibi hadi mikunjo imepotea na rangi imekuwa ya mtu mwengine mimi siupendi. Mnatengeneza mgeni.

Jamaa wa Maskati na Mombasa wataziomba, na mtazituma kwa WhatsApp. Ikitumwa kama picha, hupunguzwa ukubwa na mgongo wake hufutwa, majina yote yamekwenda. Itumeni kama faili, yaani pale mnapochagua waraka badala ya picha, itafika nzima. Ila mkumbuke kwamba picha iliyopigwa kwa simu huweza kuwa na mahali ilipopigwa mgongoni mwake, basi ya nyumbani mwenu msimtumie kila mtu kwa njia hiyo.

Mwisho ni nakala. Diski moja ikae nyumbani, ndani ya kopo lililofungwa vizuri kwa sababu ya hewa ya chumvi, na ya pili ikae nyumba nyengine kabisa, kwa shangazi Wete au kwa kaka aliyeko Unguja. Akija Sikukuu aje nayo, muiongezee picha za mwaka, arudi nayo.