Intel ao AMD: prosesere gani kwa nyumba ya mutumishi wa mugodi?

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, bazazi banarudilia ulizo moja. Baba anashuka mugodini posti ya usiku, mama anachunga franga kidogo kidogo, kisha mutoto anayesoma jeolojia anasema: "Papa, telefone haitoshe tena kwa kuchora plan, ninaomba ordinatere ya mezani." Kwa muuzishaji, banamuonyesha prosesere mbili: Intel Core i5-14600K na AMD Ryzen 7 7700. Bei hazipitane sana. Basi kuchagua nini?

Muuzishaji ataanza na hesabu ya mioyo ya prosesere. Intel iko na 14, AMD iko na 8. Lakini tuangalie muzuri: kati ya ile 14, kubwa ni 6, na 8 ni ndogo za kusaidia. Za AMD zote 8 ni kubwa. Kwa kazi nzito, kama kutengeneza video ao picha za 3D, Intel inatangulia. Kwa kuandika, kupiga hesabu ya Excel na kuchora plan ya kawaida, mutoto hataona tofauti.

Sasa kuko jambo la mwaka 2024. Prosesere za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, zile zenye nguvu, zilianza kuanguka: mashini inazimika yenyewe, programu zinakatika. Intel yenyewe ilikubali kama prosesere zilikuwa zinaomba voltaji ya juu kupita kipimo. Ikatoa marekebisho mwezi wa 8 na wa 9, na ikaongeza garanti miaka 2, kutoka 3 mpaka 5. Ile 14600K iko kati ya zile zinazohusika. Marekebisho yanazuia ubaya, lakini prosesere yenye ilikwisha kuharibika haiponi. Njo sababu hatushauri kununua ya okazyo. Na garanti inasaidia nini kama prosesere ilifika huku bila kartoni na bila fakture?

Tusiwe na upendeleo. AMD nayo ilipata shida mwezi wa 4 wa 2023: Ryzen 7000 kadha, zaidi zile za X3D, ziliungua pamoja na karte-mere, tena juu ya voltaji. Ikaweka mupaka wa volti 1,3. Kwa pande zote mbili, kazi ya kwanza ni moja: fundi aweke BIOS mupya mbele ya kuanza kutumika.

Kwetu, jambo kubwa zaidi ni umeme. Intel hii imeandikwa wati 125, na ikisukumwa inapanda mpaka 181. Ryzen 7 7700 imeandikwa 65, na mupaka wake ni karibu 88. Kwa kazi nyepesi tofauti ni ndogo. Lakini wakati wa delestaji, kama nyumba inaishi na batri na ondulere, na mutoto anafanya kazi nzito, ile tofauti inakula saa za batri. Tena joto: Ryzen inakuja na ventilatere yake ndani ya kartoni. Intel ya herufi K inakuja bila, na utalipa ingine pembeni.

Kisha, karte-mere. Kwa Intel, nafasi ya LGA1700 imekwisha kupitwa: mwaka 2024 kampuni ilihamia LGA1851. AMD ilisema itaendelea na AM5 mpaka 2027 na kupita. Maana yake, kesho unaweza kutoa prosesere na kuweka ingine ya nguvu, bila kubadilisha yote.

Lakini hapa Intel iko na haki yake. AM5 inakubali memwari ya DDR5 tu. Intel inakubali DDR4 ao DDR5, kufuatana na karte-mere. Toka mwisho wa 2025 bei ya memwari imepanda sana, juu viwanda vinageukia mashini kubwa za akili bandia. Mwenye kuwa na DDR4 nyumbani anaweza kuchunga pesa mingi.

Sisi tunaona hivi. Kama unaanza na sufuri, na umeme wa kwenu unakatika-katika, chukua Ryzen 7 7700. Kama uko na DDR4 tayari, umeme ni wa hakika, na kazi ni ya 3D kila siku, Intel inafaa, lakini mupya, ndani ya kartoni yake, na BIOS mupya.

Mbele ya kutoa mushahara, uliza muuzishaji mambo tatu: kartoni iko wapi, fakture itaandikwa na namba ya prosesere, na nani atarudisha pesa kama mashini inaanguka kisha mwezi mumoja? Asipojibu, peleka dola zako kwa duka ingine.