Tusifunge Mkono, Tufungue Macho

Kwanza nawashukuru wahariri kwa kunipa nafasi nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo limetugawanya sisi Wakristo wa shule hii tangu muhula uliopita. Je, tumsaidie kila anayetuomba, au tukae na pesa zetu tusije tukadanganywa?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wahenga hao hao wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako watu walioshika methali ya kwanza wakaisahau ya pili, na wako walioshika ya pili wakaizika ya kwanza. Mimi naona zote mbili zatufaa kwa wakati mmoja.

Wengi wenu mnajua yaliyotokea. Mtu mmoja alikuja langoni na barua yenye mhuri. Akasema mtoto wake amelazwa na dawa zimemshinda kununua. Wanachama wa chama chetu cha Wakristo, yaani CU, wakachanga nauli zao na pesa za maandazi, wakampa. Kesho yake mlezi wetu alipokwenda hospitalini kumwona mgonjwa, akaambiwa hakuna mtoto wa jina hilo. Watu walikasirika sana, na mkutano ukaamua sanduku la mchango lifungwe. Eti samaki mmoja akioza wote wameoza! Muhula huu tutapiga kura kama libaki limefungwa au lifunguliwe. Nasema lifunguliwe, na sababu zangu ni hizi.

Sababu ya kwanza ni kwamba tumemwadhibu asiye na kosa. Shule yetu ni ya kutwa. Kengele ya saa saba ikilia, waliolipia chakula hupanga foleni ya githeri. Wako wenzetu ambao hawapangi. Hunywa maji ya mfereji, kisha huzungukazunguka uwanjani hadi saa nane kama watu wenye shughuli. Sitawataja, na nawaomba msianze kuwatafuta kwa macho. Lile sanduku ndilo lililokuwa likiwalipia baadhi yao. Tapeli alikula mara moja akaenda zake, wala hajui kama tumefunga sanduku au hatukufunga. Wanaojua ni hawa, kwa matumbo yao. Halafu saa nane na nusu tunaketi nao katika somo la hisabati na kushangaa kwa nini wanasinzia.

Sababu ya pili ni Biblia yenyewe. Wanaotaka sanduku lifungwe hupenda kutaja yale Paulo aliyowaandikia Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Jamani, someni vizuri. Paulo aliwasema wasiotaka kufanya kazi. Hakuwasema wasiopata kazi, wala wagonjwa, wala watoto. Paulo huyo huyo alikusanya mchango makanisani kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na katika barua ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba watu waaminifu walichaguliwa kufuatana na fedha hizo ili pasiwe na lawama. Mnaona? Mchango ulikuwapo, na ulinzi wa mchango ulikuwapo pia.

Tena tazameni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawanywa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume wangeweza kusema, "Basi, mambo haya yana kelele, tufunge jiko." Hawakufanya hivyo. Waliwaambia waumini wachague watu saba wenye sifa njema na hekima wasimamie kazi hiyo. Tatizo lilikuwa katika utaratibu, nao wakarekebisha utaratibu.

Sababu ya tatu ni yule Msamaria mwema tunayemwimba tangu shule ya Jumapili. Alipomkuta mtu kando ya njia hakumuuliza kwanza, "Wewe ni wa kabila gani? Ulikuwa unafanya nini huku peke yako?" Alimfunga majeraha akampandisha juu ya mnyama wake. Hiyo ni huruma. Lakini tazameni alichofanya na pesa. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akamwagiza amtunze mgonjwa, tena akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Hiyo ni hekima. Methali yasema tenda wema nenda zako, na ni kweli tusingoje shukrani. Lakini Msamaria alipanga kurudi kuona mambo yameendaje.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi tumwage pesa ovyo. Nendeni stendi ya matatu hapa mjini Nakuru jioni mtawaona watoto wenye chupa za gundi puani. Wengi huwaita machokoraa, jina ambalo silipendi, maana hakuna mama aliyemzaa mtoto akamwita hivyo. Sarafu ya shilingi 20 ukimpa mmoja wao yaweza kwenda moja kwa moja kwenye gundi. Mtoaji akienda nyumbani amefurahi huku mtoto akizidi kuharibika, huo ni wema wa kujifurahisha. Ndiyo maana hao ndugu zangu wanaoogopa kutoa hovyo wana haki ya kusikilizwa.

Ila akili bila huruma nayo ina mwisho wake, na mji wetu unaujua. Hesabu ya taifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 2,005 kati yao walikuwa katika kaunti hii ya Nakuru. Februari 2019 baadhi yao, wakiwemo watoto, walibebwa kutoka hapa mjini wakaenda kutupwa karibu na msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo. Barabara zilionekana safi, ndiyo. Lakini nani atasema walisaidiwa? Binadamu si takataka.

Basi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na yote tunaweza.

Moja, pesa za chakula zilipwe ofisini, si mkononi mwa mwanafunzi. Majina yabaki kwa mwalimu wa ushauri nasaha peke yake. Mtu asisimamishwe mbele ya gwaride eti apokee msaada huku tukipiga makofi. Njaa yake yatosha, tusimwongezee aibu.

Mbili, mgeni akija na shida, watu wawili pamoja na mlezi wafuatane naye. Kama ni dawa, tulipe kwenye duka la dawa. Kama ni hospitali, tulipe dirishani. Mwenye shida ya kweli hatakataa kusindikizwa.

Tatu, kwa watoto wa mitaani tupeleke chakula badala ya sarafu, twende kwa kikundi tukiwa na mwalimu, na tujue majina yao. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Nne, kila mwezi mweka hazina atusomee hesabu, na tuulize yule tuliyemsaidia anaendeleaje.

Mtu ataniuliza, "Na tukidanganywa tena?" Huenda tukadanganywa. Nasema wazi kwamba hakuna utaratibu wa kuzuia kila mwongo. Lakini kama watu kumi wakisaidiwa na mmoja wao awe mwongo, tisa wamekula. Sanduku likifungwa, hakuna mwongo hata mmoja, na hao tisa wamelala njaa. Mimi kura yangu naiweka kwa hao tisa.

Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, mkutano wa CU ni Ijumaa ya pili ya muhula huu, baada ya vipindi. Njooni kwa wingi, hata mnaonipinga. Kila mmoja aje na hoja yake, na mwenye shilingi kumi aje nayo.



Wenu mpendwa,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu